Usiku Suheli Ilipohama

Mwishoni mwa Desemba 1978, nikiwa na umri wa miaka 17, nilisafiri kutoka Lamu kwenda Mombasa katika jahazi lililopakia nazi na maembe. Kaskazi ilikuwa imeshika, ikitusukuma kutoka tezi, yaani nyuma ya chombo, na nahodha, ndugu wa baba yangu ambaye tangu utotoni nilimwita ami, alitaraji kutia nanga kesho yake jioni.

Dira ilikaa ndani ya sanduku la mbao mbele ya mshika usukani, ikimulikwa na kandili. Uso wake ulikuwa na nukta 32, na ami, ambaye hakuwahi kunitajia hata moja kwa namba, alizijua zote kwa majina ya nyota. Mabaharia wa Kiarabu, alinieleza, walichagua nyota 15 na kuzipa kila moja nukta mbili: upande wa mashariki ni matlai yake, inakochomoza, na upande wa magharibi ni maghibu yake, inakotua; zikabaki nukta mbili, ya kaskazini ikapewa Jaa, nyota ya ncha ya kaskazini, na ya kusini Kutbu, yaani ncha ya kusini. Njia yetu ya usiku ule ilikuwa maghibu ya Himarani, nukta moja tu kusini mwa kusini-magharibi kamili. Jaa yenyewe haionekani Lamu, kwa kuwa mji uko kusini mwa ikweta, lakini ami aliiona mara nyingi ujanani mwake alipokwenda Maskati kwa upepo wa kusi. Alisimulia jinsi ilivyokuwa ikipanda kutoka baharini usiku baada ya usiku, nao wakikipima kimo chake kwa upana wa vidole ili wajue wamefika wapi. Nilikuwa nimesoma jiografia shuleni kwa miaka mingi, wala hakuna somo lililowahi kunigusa kama maneno yale.

Baada ya isha nilikaa karibu na usukani nikisikiliza redio yangu ya betri. Usingizi uliponizidi niliizima, nikaiweka ubavuni mwa sanduku la dira isije ikalowa, nikajilaza.

Ilipokaribia saa sita niliamshwa na sauti ya ami.

"Dira yasema twenda wapi?"

"Maghibu ya Himarani, nahodha," alijibu mshika usukani, na kweli uzi wa dira ulikuwa juu ya nukta ile ile.

Ami alikuwa amesimama, uso wake ukielekea angani. Katika siku zile za mwaka Suheli, nyota angavu ya kusini, hufika juu kabisa kwenye saa sita za usiku, ikiwa kusini barabara, na kwa njia tuliyokuwa tukienda ilipaswa kuwa kushoto mwa omo, yaani mbele ya chombo, kiasi cha shubiri moja na nusu ya mkono ulionyooshwa. Alinyoosha mkono, akapima, akapima tena. Zilikuwa shubiri mbili na nusu na zaidi. Nyota haikuhama, jahazi ndilo lililokuwa limegeukia bara, nukta mbili nzima, kuelekea miamba ya Ngomeni.

Hakuuliza swali la pili. Aliinama kwenye sanduku, akaishika redio yangu na kuisogeza polepole, na sote watatu tukaona uso wa dira ukizunguka, kwa sababu ndani ya spika mna sumaku, na sumaku huivuta dira bila kujali nia ya aliyeiweka. Nilitetemeka. Mle chomboni mlikuwa na watu tisa.

"Mwanangu, ipeleke omo," ndiyo maneno pekee aliyoniambia kuhusu redio, kisha akaamuru tugeuze kuelekea baharini.

Sikulala tena. Ami aliniketisha kando yake akanitaka niitazame Suheli tu, nimweleze kila inapobadilisha mahali, nami nikaiona ikiteremka taratibu na kusogea kulia, hatua kwa hatua, ikiukaribia omo. Ilipotimu saa tisa ilikuwa imesimama karibu kabisa mbele yetu. Hapo alimwambia mshika usukani apumzike, akaiweka mikono yangu juu ya kana, mpini wa usukani, akalifunika sanduku la dira kwa kikoi chake. Niliifuata nyota ile mpaka mwanga wa alfajiri ulipoimeza.