Sabufa kwenye redio iliyokuja na gari

Gari langu ni Toyota IST lililotumika Japani kabla ya kuletwa Unguja, na redio yake ya kiwandani sikutaka kuing'oa. Imekaa katika dashibodi kama iliyozaliwa humo, na hata masafa yake ya FM yanayoishia megahezi 90 nimekwisha kuyazoea kwa msaada wa kigeuzi, kifaa kinachozishusha stesheni za huku ziingie katika masafa hayo. Kilichonisumbua ni besi. Mimi ni msikilizaji wa taarabu asilia, ya vikundi kama Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905, na humo fidla na ganuni zikitembea juu, dabalbesi ndilo linalozibeba kwa chini. Uzi wake mnene kabisa hutoa sauti ya takriban hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, ambako spika ndogo za milangoni hazifiki. Kwa hiyo miaka yote nilikuwa nikisikiliza taarabu isiyo na sakafu.

Nilinunua sabufa, yaani spika ya besi, ya inchi 10 ndani ya boksi lililozibwa, pamoja na amplifaya inayokubali kupokea sauti kutoka kwenye nyaya za spika, kwa kuwa redio yangu haina matundu ya kutolea sauti kwa nyuma. Asiye na amplifaya ya namna hiyo hulazimika kuweka kibadilishi katikati, cha kuishusha ile sauti kabla haijaingia. Fundi wangu wa Mwanakwerekwe, mtu hodari lakini mwenye haraka, alitaka kuziunga nyaya hasi za spika na bodi ya gari.

"Shekhe, hasi zote si moja?" aliniuliza.

Nikamwomba asubiri, kwani katika redio za namna hii nyaya zote mbili za spika hubeba sauti, na kuuegesha mmoja kwenye bodi kunaweza kuiunguza redio yenyewe. Aliniangalia kidogo, kisha akakata tepu na kuzifunga upya.

Waya wa umeme ulitoka kwenye betri ukapita ukuta wa injini ndani ya mpira, na fyuzi tukaiweka karibu na betri, chini ya sentimita 45, kwa sababu waya ukichubuka na kugusa chuma, ni fyuzi hiyo tu itakayozuia moto. Waya wa umeme ulipita kulia, wa sauti kushoto.

Tulipowasha injini, sabufa ikalia kama mbu. Nikikanyaga mafuta mlio unapanda, nikiachia unashuka, dalili ya kwamba kelele za jenereta ya gari zinaingia katika sauti. Fundi alimtuhumu amplifaya. Mimi nilikwenda kuitazama ati, yaani waya hasi wa amplifaya unaofungwa kwenye bodi ya gari. Tulikuwa tumeifunga kwenye bolti ya buti, na chini ya kichwa cha bolti kulikuwa na rangi ya kiwandani, na pembeni ya rangi kutu jekundu, kwani gari hulala hatua chache kutoka pwani na chumvi haina likizo. Nikachukua msasa nikasugua mpaka chuma kikang'aa kama sarafu mpya, nikafunga waya upya, mfupi zaidi, nikapaka grisi juu. Mbu akanyamaza.

Kilichobaki kilikuwa kupanga. Kichujio, kinachoipelekea sabufa sauti za chini tu, nilikiweka hezi 80, ili sauti za waimbaji zisije nyuma. Kile kirungu cha kupokea sauti kilicho kwenye amplifaya, kinachoitwa "gain", wengi hukidhania ni cha kuongeza kelele na hukizungusha mpaka mwisho. Kumbe kazi yake ni kuilinganisha amplifaya na redio, na changu kimesimama chini ya nusu.

Jumapili nilimpeleka mama Bububu bila kumwambia kitu. Tulipopita Maruhubi akaniuliza kwa nini kibao cha namba kinagonga gonga nyuma. Jioni nilikipachika vipande viwili vya sponji.