Jicho lililozama

Asubuhi, tukipanga vifaa vya upasuaji, mwanafunzi aliinua ile koleo inayouma kinyumenyume akauliza, "Mbona mdomo wake umegeukia nyuma?" Nilimjibu kwa kifupi. Jibu lenyewe hasa ni lile jicho.

Yule mama alikuja akisema jicho la kushoto linamtoka. Hakuwa na maumivu wala mafua, wala hajawahi kugongwa usoni. Jicho likitoka, daktari hukimbilia tezi ya thairoidi, nasi tukakimbilia huko. Vipimo vikarudi safi. Aliporudi nilisimama nyuma yake, akainua uso, nikamtazama kutokea juu ya paji. La kushoto lilikuwa mahali pake. La kulia ndilo lililozama! Kipimo cha Hertel, kinachopima jicho limejitokeza milimita ngapi, kilisoma 18 kushoto, 15 kulia, na tofauti ikizidi milimita 2 tu unapaswa kushtuka.

Picha za CT zilimaliza ubishi. Sainasi ya shavu la kulia, uwazi ulio ndani ya mfupa ambao hewa huufanya uonekane mweusi, ilikuwa ya kijivu na imesinyaa, kuta zimevutwa ndani, sakafu ya tundu la jicho imeshuka, nyembamba kama karatasi. Mlango wa sainasi ukiziba, hewa iliyobaki ndani hunywewa na utando, shinikizo hushuka, na mifupa hufuata taratibu. Tangu 1994 huitwa sindromu ya sainasi kimya.

Kwenye meza, jicho tuliliacha wazi bila kulifunika. Kwa kawaida kile kijifupa kinachoziba njia, unsineti, hukatwa kwa kisu kutokea mbele. Hapa kilikuwa kimebandikana na ukuta wa jicho. Kisu kikipita kidogo tu, uko kwenye mafuta ya jicho, na nyuma yake kuna misuli. Nilimwomba msaidizi abonyeze jicho kwa kidole, polepole. Kwenye skrini ya kamera iliyokuwa puani, ukuta niliodhani ni unsineti ulitikisika: ulikuwa ukuta wa jicho. Nikarudisha mkono. Abonyeze tena: ukatikisika tena. Nikaingiza ndoano butu nyuma ya ukingo wa unsineti yenyewe, nikauvuta kuelekea kwangu hadi ukaachia, ndipo koleo ikaingia na kuuma kutoka nyuma kuja mbele, vipande vidogo vidogo. Mlango wa asili tuliuunganisha na tundu tulilopanua, maana ukiachwa peke yake kamasi huzunguka hapo hapo. Ute mzito ukaanza kutoka.

Mwenzangu alitaka sakafu iinuliwe kwa kipandikizi siku hiyo hiyo. Nilikataa: shinikizo likishasawazishwa, jicho huweza kupanda lenyewe, na ukiliwahi utalizidisha. Baada ya miezi 6 la kulia lilisoma 16. Milimita moja tu. Sijui mwenzangu angesemaje. Tulimweleza mama kwamba kipandikizi bado kinawezekana.

Alijitazama kwenye kioo kwa muda mrefu. "Daktari," akauliza, "hili la kushoto haliwezi kurudishwa ndani kidogo?"