Vijiti Kumi na Viwili

Sare yetu ilikuwa na mifuko, lakini imeshonwa. Siku ya kwanza nilidhani ni kosa la fundi, nikatafuta wembe nifumue. Mwenzangu akanishika mkono. "Wacha! Keshia hana mfuko." Hata pesa zako mwenyewe uliziandikisha kwa soja wa mlango wa nyuma unapoingia, kwenye daftari lenye jalada la bluu, na Jumamosi ile niliandika 150. Ukitoka usiku na 200, hiyo 50 uieleze ilikotoka.

Ilikuwa Juni 2017, kumi la mwisho la Ramadhani, katika tawi la Mombasa la supamaketi moja yenye matawi nchi nzima. Silitaji jina. Wenzangu waliokuwa kwenye maduka mengine makubwa walinihadithia mambo yale yale, hadi mifuko kushonwa, kwa hiyo jina halitaongeza kitu.

Mwaka ule unga ulizungumzwa kuliko hata uchaguzi wa Agosti. Ukame ulikuwa umekula mahindi, pakiti ya kilo mbili ikapita shilingi 150, na mwezi wa Mei serikali ikaleta unga wa ruzuku: kilo mbili kwa shilingi 90. Mahindi yenyewe yalishukia hapa hapa kwetu, bandarini Kilindini, na serikali ikasema yametoka Mexico. Vijana wa maskani kule Kisauni walicheka wiki nzima, wakiuliza ni meli gani hiyo iliyotoka mbali vile ikafika upesi hivyo, inayokwenda mbio kuliko matatu. Sisi wa dukani hatukuwa na nafasi ya kucheka. Tulichojua ni kwamba lori likifika, siku hiyo huendi hata haja. Kukaa usiseme, viti hatukuwa navyo siku yoyote.

Nilikuwa keshia wa tili ya 4, mashine ya nne ya kulipia. Kwenye karatasi, mwajiri wangu hakuwa supamaketi. Alikuwa ejensi, ofisi ya chumba kimoja ghorofani huko mjini, iliyotupeleka dukani kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu. Miezi mitatu ikiisha unakaa nyumbani wiki moja, halafu unasaini upya kama mgeni. Nilikuwa nimeshakuwa mgeni mara tano. Mshahara 11,200, toa 200 za NSSF, akiba ya uzeeni, toa 400 za NHIF, bima ya afya ya wakati ule, unabaki na 10,600. Viwango vya mishahara vya serikali vina daraja lake keshia, na liko juu ya lile la kibarua wa kawaida, ambalo kwa Mombasa lilikuwa 10,954 na senti. Ejensi ilituandika vibarua. Siku ya Mei Mosi tulikuwa kazini, Rais Uhuru Kenyatta akatangaza nyongeza ya asilimia 18, nasi tukapiga makofi mbele ya zile televisheni za kuuzwa hadi soja akatutawanya. Juni ikaingia, mshahara ni ule ule. Ejensi ikasema tungoje itoke kwenye Gazeti la Serikali.

Na jambo jingine: mfanyakazi aliye zamu haruhusiwi kununua chochote. Unga ule wa 90 ulipita mikononi mwangu kwa mamia ya pakiti, na sikuwahi kupata hata moja, maana zamu yangu ikiisha kinachobaki pale mahali pake ni vumbi jeupe sakafuni.

Jumamosi ile lori lilifika saa nane mchana. Vijana wa stoo walipanga marobota karibu na mlango, na foleni ikazunguka friji za maziwa, ikapita kwenye sabuni, ikatokezea kwenye vyombo vya plastiki. Pakiti mbili kwa kila mtu. Akina mama wakaja na watoto, kila mtoto na pakiti zake mbili na noti yake, na kila mtoto amefundishwa aseme yule si mama yake. Kuna mmoja, hata miaka sita hajafika, nilimuuliza mama yuko wapi akaniambia, "Mimi sina mama." Mama alikuwa nyuma yake, anajikaza asicheke.

Saa kumi meneja wa tawi akaona mzigo unapungua, akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba kuanzia sasa ni pakiti moja tu. Shida ni kuwa mikono yangu ilikuwa imeshazoea mbili. Mteja anaweka mbili alizoshika tangu kwenye foleni, skana inalia mara mbili, soja aliyesimama kando anaichomoa moja na kuirudisha kwenye lundo. Unga umerudi, lakini kwa mashine umeshauzwa. Kuufuta kunataka kadi, na kadi ilikuwa moja, imening'inia shingoni mwa msimamizi wetu. Sote tulimwita madamu. Wakati huo madamu alikuwa amebanwa kule kwenye lundo, anatanua mikono watu wasikanyagane.

"Madamu, voidi!"

"Andika kwenye karatasi! Tutazitoa jioni zote pamoja!"

Nikakata kipande cha karatasi ya risiti, nikaanza kupiga vijiti kwa biro. Kila pakiti ikirudi, kijiti. Vinne, cha tano kikavikata kwa mshazari. Vinne tena, kikakata. Halafu viwili.

Adhana haikusikika ndani ya duka lile kwa sababu ya muziki. Tulijua magharibi imeingia kwa kuwatazama wateja: walioko kwenye foleni wanaanza kufungua chupa za maji ambazo hawajazilipia. Sisi kula kwenye tili ilikuwa kosa la barua ya onyo. Nikahisi mtu anapita nyuma yangu, kidole kimegusa kiganja changu, na kiganjani kuna tende. "Fungua, mwanangu," madamu akasema, wala hakusimama. Yeye alikuwa Mtaita, Mkristo. Na tende aliitoa kokwa kwanza, nisije nikahangaika pa kuitema.

Tulifunga saa mbili unusu.

Chumba cha kuhesabia pesa hakikuwa na dirisha. Unahesabu wewe, anahesabu karani, kisha mashine inatema karatasi yake. Pesa zikizidi, ziada ni ya duka na hakuna anayeuliza zimezidije. Zikipungua hiyo ni shoti, na shoti ni yako. Yangu ilikuwa 1,080. Sikushtuka, kwa sababu nilikuwa nimeshapiga hesabu kichwani: 12 mara 90. Nikaweka karatasi yangu mezani.

Meneja hakuishika. Alimgeukia madamu. "Wewe ndiye uliyemruhusu aandike kwenye karatasi?"

Uzito wa swali lile niliujua. Voidi isipofanywa kabla mashine za siku hazijafungwa, kosa ni la msimamizi. Angekatwa yeye, na barua juu yake. Alikuwa amesimama kwenye tili miaka tisa kabla ya kuvishwa ile kadi. Aliinama akavitazama vijiti vyangu, midomo inacheza kidogo. Naamini alikuwa akivihesabu.

"Sikumbuki," akasema.

Nikajaribu kwa njia nyingine. "Bosi, basi hesabuni unga. Lori limeshusha marobota mangapi? Kila robota pakiti 12. Halafu jumlisheni tili zote zimeuza ngapi. Mtakuta tumeuza kumi na mbili zaidi ya zilizokuja." Karani aliinua kichwa, nadhani aliielewa hesabu ile kabla sijaimaliza. Meneja akatazama saa yake. "Stoki inahesabiwa mwisho wa mwezi," akasema.

Kwa hiyo zile pakiti 12 zikawa zimeuzwa mara mbili, mara ya kwanza kwa wananchi waliopanga foleni, mara ya pili kwangu mimi, na mimi nikaondoka mikono mitupu.

Ikatolewa fomu. Ilikuwa ya Kiingereza, mistari minne, ikisema mimi fulani nakiri kwamba upungufu huu umetokana na uzembe wangu, na naridhia ukatwe kwenye mshahara. Neno uzembe lilikuwa limeshapigwa chapa. Nafasi waliyoacha ni ya jina, tarakimu na sahihi. Wakati ule nililiona kama tusi tu. Nilipokuwa nimeshaacha kazi ndipo nilipokisoma kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, nikafahamu lilifuata nini pale: mshika fedha anaweza kukatwa upungufu uliotokana na uzembe wake au udanganyifu wake. Pasipo uzembe, hakuna ruhusa ya kukata. Aliyeitunga fomu ile alikuwa amekisoma kifungu vizuri, na sisi tuliokuwa tukiisaini kila wiki hakuna aliyewahi hata kukisikia.

"Nisiposaini?"

"Basi pesa zimeibiwa, na hayo ni ya polisi."

Nikasaini uzembe. Siku mbili na nusu za kazi yangu, ukigawa mshahara kwa siku 26.

Mlango wa nyuma soja wa kike akanipapasa, akahesabu pesa zangu, 150 zile zile kwa kuwa nilikuwa nimefunga. Akakuta kile kikaratasi nimekikunja kwenye mkanda wa saa. Karatasi ya risiti ni mali ya duka, haitoki. Akakikunjua kwenye taa. "Hii ni nini?" Nikamwambia unga. Akatazama vijiti, akanitazama usoni, akakikunja vile vile na kunirudishia. Ninacho mpaka leo, ndani ya cheti changu cha kuzaliwa.

Nyumbani mama aliuliza kama leo nimepata unga. Nikasema uliisha.

Kuna walionishauri niende kwa KUCFAW, chama cha wafanyakazi wa biashara na vyakula. Lakini katika duka letu wanachama walikuwa wale walioajiriwa na duka lenyewe; sisi wa ejensi hata makato ya chama hatukuwa nayo, na mwezi wa tatu wangu ulikuwa unakaribia. Nikanyamaza. Kwa madamu lakini sikunyamaza kwa wema. Nilimnyima salamu siku tisa, nikala futari zilizobaki kwa tende zangu mwenyewe nilizozificha ndani ya soksi. Ningependa kusema nilimwelewa. Baadaye ndiyo. Zile siku tisa nilimchukia yeye kuliko nilivyomchukia meneja, na meneja ndiye aliyekataa kuhesabu unga.

Idi ikapita. Wiki iliyofuata lori likaja tena, foleni ile ile, friji, sabuni, vyombo vya plastiki. Safari hii walianza na pakiti moja kwa mtu tangu mwanzo, jambo ambalo wateja hawakuambiwa mpaka walipofika kwangu. Mzee mmoja mwenye kofia ya vito akaweka mbili. Skana ikalia mara mbili kabla sijaiwahi mikono yangu, soja akachomoa moja.

"Madamu, voidi."

"Andika kwenye karatasi!"

Nikaweka viganja vyote viwili juu ya meza ya tili. Sikuandika, na sikupitisha kitu. Mzee akauliza kuna nini, nikamwambia tunangoja kadi. Nyuma yake akapiga kelele mmoja, wakawa watatu, ikawa foleni nzima, na sauti moja ikasema huyu keshia saumu imemmaliza, na hali Ramadhani ilikuwa imeisha. Masikio yalikuwa yakiniwaka moto. Meneja akatokeza kichwa ofisini.

Madamu akaja akisukuma watu, kola yake imelowa jasho. Hakunitazama. Akapitisha kadi, ile 90 ikatoka kwenye kioo cha mashine, nami nikamrudishia mzee chenji yake. Nilingoja arudi kwenye lundo lake la unga. Hakurudi. Akasimama pale pale ubavuni mwangu, kadi mkononi, mpaka unga ukaisha.