Sampu ya Probox, bibi na safari ya Ndanda

Ilikuwa msimu wa korosho wa 2018, ule ambao serikali ilitangaza itanunua korosho kwa shilingi 3,300 kilo na jeshi likaja kubeba, kwahiyo Mtwara nzima ukikaa kijiweni ni korosho tu, ila sisi nyumbani Chikongola kilichotunyima usingizi ni oili. Probox ya mama ilikuwa inavuja. Unaipaki jioni, asubuhi unakuta doa jeusi kwenye mchanga chini ya injini, unalifukia na mguu, kesho yake lipo tena na limekua. Na Jumatatu inayokuja bibi alikuwa anatakiwa Ndanda hospitali kwa ajili ya macho, zaidi ya kilomita 100 hizo, mnaenda mpaka Mingoyo ndo mnashika njia ya Masasi, huwezi ukambeba mzee kwenye gari ambayo hujui itafika na oili kiasi gani.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba hiyo kazi tulishailipia. Gereji moja hapa mjini walishaifungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, wakasema gasketi, ile ya kuziba maungio yake, imekufa, wakabadilisha, ikakaa wiki chache ikaanza kutoa jasho, mara matone, ukirudi kwao unaambiwa leta hela tuweke nyingine. Mama akasema hapana, sipeleki tena, akampigia mjomba kule Naliendele.

Mjomba ni kaka mkubwa wa mama, amekula malori maisha yake yote, alianza utingo akaja kuwa dereva, enzi zile Rufiji inavukwa kwa pantoni, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa 2003. Njia ya kusini ya wakati ule masika ikikukamata umekwama, na dereva asiyejua kufungua injini yake analala porini, kwahiyo ufundi wake kaupatia huko huko barabarani.

Jumamosi asubuhi kaja na mfuko wa sandarusi umejaa spana. "Shikamoo njomba." "Marahaba mwanangu, nani atakaa chini ya gari na mimi?" Nikasema mimi. Mama akaguna, mtoto wa kike na oili wapi na wapi, mjomba akamjibu huyu ndo anaendesha, acha aijue gari yake.

Nlidhani tunafungua moja kwa moja, kumbe hakuna. Kwanza tuliosha injini kwa chini, sabuni ya unga na brashi, tukaifuta mpaka ikakauka, maana alisema oili inaweza kuvuja juu kwenye tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, ikashuka taratibu ukaja kuisingizia sampu. Alafu akaomba poda, ile ya mtoto ya mpwa wangu, akaipaka sampu yote kwa chini ikawa nyeupe pee, tukawasha gari ikaunguruma muda, yeye kainama na tochi ya simu. Akaniita nione. Kwenye ule weupe kulikuwa na mstari mwembamba wa oili unashuka kutoka kona ya nyuma ya sampu, hapo hapo tu, juu yake kukavu, filta kavu, nati ya kumwagia oili kavu. Ile kitu iliniingia sana, yani hakuna kubahatisha, gari yenyewe imekuonyesha.

Kuinyanyua ndo kazi, mchanga wetu mnaujua, jeki inazama. Tukaweka ubao mpana chini ya jeki, ikipanda tunasukumia magogo ya mkorosho chini ya chesisi huku na huku, na jeki yenyewe haikutolewa, ikaachwa inagusa. Jirani alileta matofali ya bloku kwa nia njema kabisa, mjomba akayakataa, akasema tofali linapasuka bila kukuaga. Mpaka leo nikiona fundi kalala chini ya gari iliyoshikiliwa na tofali moyo unanidunda.

Oili tuliimwaga ingali na moto maana inatoka na uchafu wake, spana namba 14, karai chini. Kisha boliti za sampu, hizo zote ni namba 10, unazunguka nazo mpaka mwisho, na ukimaliza sampu haianguki, imeng'ang'ania gundi. Nikachukua bisibisi ili niipenyeze, akanishika mkono. Ukiingiza bisibisi unapinda ule mdomo wa sampu, ukingo unaobanwa na boliti, na mdomo ukipinda hakuna gundi itakayokuokoa. Akatumia kisu chembamba, anakipitisha taratibu pembeni huku anagonga na kipande cha ubao, ikatuchukua muda mrefu hasa, mara ikaachia kona moja, mara ikashuka yote mikononi mwangu.

Ndo tukaona tulichofanyiwa. Injini ya Probox hii ya 1NZ sampu yake ya chini haina gasketi ya kukata, kiwandani inapakwa gundi peke yake chuma kwa chuma. Wale walikuwa wamekata gasketi ya karatasi wakaibandika alafu wakapaka gundi ya silikoni juu na chini nene kabisa, na wakabana boliti kwa nguvu zote. Silikoni iliyozidi ilikamuliwa kwenda ndani, ikaganda, ikakatika vipande vipande. Mjomba akamulika juu kwenye chujio, pale injini inapovutia oili, akakaa kimya muda. Akaingiza vidole akatoa uzi mrefu wa silikoni, wa pili, wa tatu, vimejikunja kwenye wavu wa chujio. Akaniwekea kiganjani. "Hivi vingejaa hapa, oili haipandi, injini inakufa mkiwa katikati ya Mtama na Nyangao na bibi yenu ndani." Nlikasirika mpaka machozi yakanilenga, sio kwa ajili ya hela, ni kwamba mtu kala hela yetu alafu katuwekea hatari sehemu ambayo sisi hatuwezi kuiona.

Kilichofuata ni kukwangua, na kazi yote ya siku ile kwa kweli ilikuwa hiyo. Sampu ni bati la chuma, hiyo unaikwangua na wembe, ila kule juu inapokaa ni aluminiamu, ukiichuna umeiharibu, kwahiyo juu tulitumia kijiti cha mwanzi alichokichonga mwenyewe. Nakwangua, nafuta na kitambaa chenye petroli, napitisha kidole, bado pana kitu, narudia. Akaja na meza ya kioo ya sebuleni (mama alilalamika mpaka basi) akailaza sampu kifudifudi juu ya kioo, akachukua karatasi ya daftari akawa anaisukuma chini ya mdomo kuzunguka. Inagoma, inagoma, ikafika kona ya nyuma ikapita yenyewe. Kona ile ile iliyoonyeshwa na poda! Boliti zilizobanwa kupita kiasi zilikuwa zimeuvuta mdomo ukabonyea kwenye matundu. Akaweka ubao chini akawa anagonga na nyundo ndogo kidogo kidogo, anarudi kwenye kioo anajaribu karatasi, mpaka karatasi ikagoma kila mahali.

Hapo nikasema sasa tupake. Akasema tukale kwanza, injini inadondosha oili ya mwisho, tone moja likianguka kwenye mdomo wakati unapaka gundi basi kazi yote bure. Tukala ming'oko na chachandu, akalala kidogo barazani, mi naenda kuchungulia matone kila mara.

Alasiri tukafuta mara ya mwisho, mikono tumenawa kabisa. Gundi akanipa mimi nipake. Mstari mmoja tu mwembamba, haukatiki, unapita upande wa ndani wa matundu ya boliti unakuja kukutana ulipoanzia. Ilionekana kidogo mno nikamuuliza njomba hii inatosha kweli, akasema inajaza mikwaruzo tu, kubana ni kazi ya chuma. Na hapo hakuna tena kupumzika, gundi isikauke hewani, tukaipandisha palepale, boliti zote kwa vidole kwanza, alafu spana tunabana kwa kuvuka, huku moja ng'ambo moja, nguvu ya kiganja tu bila kuning'inia kwenye spana. Gundi ikatokeza nje kidogo sawasawa pande zote. Ukishafunga unatakiwa usubiri angalau masaa mawili kabla ya kuweka oili, yeye akasema inalala mpaka asubuhi, na hakuna wa kumbishia.

Jumapili tukaweka filta mpya na oili, injini hii inakula lita 3.7, kwahiyo galoni ya lita 4 inabaki kidogo. Nikawasha, taa ya oili ikazima. Poda ikapakwa tena, gari ikaunguruma, weupe ukabaki weupe.

Jumatatu tulitoka alfajiri, mjomba akaja naye japo hakuna aliyemwomba. Tulipofika Mingoyo akasema simama, akashuka na tishu nyeupe akalala kifudifudi pembeni ya barabara na shati lake safi, akaipitisha kuzunguka sampu yote, akaja dirishani kumwonyesha bibi. Tishu ina vumbi tu. Bibi kaisogeza karibu kabisa na macho yake yale yale tunayoyapeleka kwa daktari, kaigeuza huku na huku, akasema haya mwanangu nimeona, panda twende, tutakuta foleni.