Salamu za dakani

Ijumaa, baada ya alasiri

Hapa Lamu mtoto hupimwa kwa salamu. Akipita kimya dakani, pale penye baraza za mlangoni, bila shikamoo wala kubusu mkono, mamake ndiye huulizwa anafunza nini. Leo nawaza jinsi kipimo hiki kinavyowaonea wenye usonji (autism).

Usonji si jini, si kijicho, si chanjo, wala si malezi. Mtu huzaliwa nao, na kwa sehemu kubwa ni jambo la kurithi. Sauti, mwanga na mguso humfikia kwa namna nyingine, na wengi wao huchukua maneno kama yalivyosemwa. Nasi ndio watu wa kupigana mafumbo hata kwa leso! Mtu akisema "Mlango u wazi," akitaka ufungwe, mtoto atajibu "Naam, u wazi," aendelee kupanga vifuniko vyake vya soda. Hana jeuri, amejibu alichosikia. Mwambie "Funga mlango," kisha nyamaza, uhesabu kimoyomoyo hadi kumi. Wengi huharibu hapo: wanarudia kwa maneno mengine na kwa sauti ya juu, na yeye aliyekuwa akiichambua sentensi ya kwanza inabidi aanze upya.

Mwaka 2012 Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, alieleza kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili: sisi nasi hatuwaelewi wao. Mwaka 2020 watafiti wa Edinburgh, Uskoti, walichapisha jaribio la hadithi iliyopokezanwa mtu kwa mtu, watu 8 kila mstari. Wenye usonji peke yao waliifikisha sawa na wasio nao peke yao. Ilipotea zaidi pale walipochanganywa. Kwa hiyo anayesema "hawa hawajui kuzungumza" ajiulize hawajui kuzungumza na nani.

Daka lina baraza mbili zinazotazamana. Usikae mkabala naye. Kaa baraza moja naye, ubavu kwa ubavu, nyote mkitazama njia, kwani kutazamana machoni humla nguvu ambazo angesikilizia. Anza na akipendacho. Kama ni bahari, muulize bamvua, yale maji makubwa, ni lini, na mbona maji kujaa huchelewa kila siku kwa dakika kama 50. Utapewa darasa. Salamu nayo hufunzika kama kanuni: nani, wapi, maneno gani. Mkono asilazimishwe kuubusu. Kiganja kifuani chatosha.

Maulidi ndiyo kazi hasa, kwa matari na umati ule. Siku moja kabla, mpangie picha kwa mfuatano: nyumbani, kichochoro, msikiti, matari, nyumbani. Ile ya mwisho ndiyo husahaulika, na ndiyo anayoihitaji zaidi. Vizuia kelele avae kabla ya kutoka, si baada ya kuanza kulia. Simameni penye mdomo wa kichochoro, mkubaliane ishara ya kuondoka, na akiitoa mwondoke hapo hapo, la sivyo hataiamini tena.

Akilemewa, mtoe, punguza maneno, usimkumbatie kama hataki. Deko huisha mtoto akipewa alichotaka. Kulemewa hakuishi hata akipewa, mpaka mwili utulie, na huenda ikapita saa nzima. Wapitao watataka kumsomea dua kichwani palepale. Waombe waisome kwa mbali, kimyakimya.