Gego la kupandikiza: mfupa ndio unaoamua

Ushauri mbovu kuliko wote niliopewa baada ya kung'olewa gego la chini ni ule wa "subiri tu, pengo la nyuma halionekani". Jino likishatoka, mfupa uliokuwa umelishika huanza kunywea, na mwaka wa kwanza ndio mbaya zaidi: upana wake unaweza kupungua hata kufikia nusu. Jino la juu hukosa mwenzake wa kugongana naye, likaanza kushuka. La nyuma nalo hulalia pengo. Ukikaa miaka, huenda ukalazimika kupandikizwa mfupa kwanza, na mara nyingi huo hutaka miezi minne hadi sita ya kupona kabla kipandikizi chenyewe, yaani kijiti cha madini ya titani chenye nyuzi kama skrubu kinachochukua nafasi ya mzizi, hakijaingia.

Kwa hiyo nilianza na vipimo. Eksirei ya kawaida inaonyesha urefu wa mfupa lakini unene haiuonyeshi, ndiyo maana nilidai picha ya pande tatu na nikamwomba daktari anisomee namba zake. Kipandikizi cha gego kwa kawaida kina kipenyo cha milimita 4 hadi 5 na urefu wa milimita 8 hadi 12. Kinatakiwa kiwe mbali na mzizi wa jino jirani kwa angalau milimita 1.5, mbali na kipandikizi kingine kwa milimita 3, na milimita 2 juu ya mfereji wa mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya la chini. Mshipa huo ukijeruhiwa, mdomo wa chini na kidevu hufa ganzi, na kuna wanaobaki hivyo moja kwa moja. Kwa magego ya juu, cha kupimwa ni umbali hadi kwenye uwazi wa hewa ulio kando ya pua. Daktari asiyeweza kukutajia namba hizi kwa mdomo wako mwenyewe, usimpe taya lako alitoboe.

Kutobolewa kwenyewe si kama watu wanavyotisha. Ganzi ikishika vizuri unasikia mtikisiko tu. La kuangalia ni maji. Keekee huanza nyembamba, kama milimita 2, kisha hupanuliwa hatua kwa hatua, na muda wote maji ya chumvi baridi lazima yamiminike. Mfupa ukifikia nyuzi joto 47 kwa dakika moja huanza kufa, na mfupa uliokufa haushikani na titani. Kushikana huko ndiko kunakobeba kazi yote. Mtafiti Brånemark wa Sweden alikugundua miaka ya 1950 alipokuta vyombo vyake vya titani havitoki tena kwenye mifupa ya sungura, na mwaka 1965 akampandikiza mgonjwa wa kwanza. Taya la chini huhitaji takriban miezi mitatu kushikana. La juu, ambalo mfupa wake ni laini, laweza kufika sita. Katika kipindi hicho nilikataa meno ya bandia ya kuvaa juu ya kidonda. Yakikandamiza ufizi, kipandikizi hutikisika kabla ya wakati, na badala ya mfupa hujengeka nyama.

Taji, yaani jino lenyewe la kutafunia, niliomba lifungwe kwa skrubu, lisigandishwe kwa gundi. Gundi ikibaki chini ya ufizi huleta uvimbe na usaha, na jino lililogandishwa kulitoa bila kulivunja ni kazi. Niliambiwa nasumbua bure. Baadaye taji likaanza kucheza, na niliyemwendea akasema kipandikizi kimeshindwa, king'olewe. Nilikataa mpaka picha ipigwe. Kipandikizi kilichoshindwa hucheza chote, huuma kikibanwa, na kwenye picha huonekana mstari mweusi kukizunguka. Hicho hakina dawa, hutolewa. Skrubu iliyolegea ni habari nyingine: taji huzunguka kidogo, maumivu hakuna, na mfupa kwenye picha umebana nyuzi za kipandikizi. Hiyo ndiyo iliyokuwa hali yangu.

Matengenezo hayakuhitaji hata ganzi. Kijazo kilicho juu ya tundu la skrubu kwenye taji kilitobolewa, ukatolewa utepe wa tefloni unaokinga kichwa cha skrubu, skrubu ikafunguliwa na kutupwa. Usikubali ya zamani irudishwe, imeshachoka na inaweza kukatikia ndani. Mpya hukazwa kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kiasi alichoandika mtengenezaji, mara nyingi nyutoni-sentimita 30 hadi 35. Kisha husubiriwa dakika 10 hivi na kukazwa tena kwa kiasi kilekile, kwa kuwa nyuzi zikishakaliana skrubu hupoteza sehemu ya mkazo wake wa kwanza. Hatua hii ya pili ndiyo inayorukwa, halafu watu wanalaumu kipandikizi.

Ila kukaza peke yake hakutoshi. Lazima ijulikane kilichoilegeza. Meno ya asili yakiumana huzama kidogo kwenye nyuzinyuzi zinazoyashika, kipandikizi hakizami. Taji likilingana urefu sawasawa na wenzake, ndilo linalobeba mzigo. Kipimo ni karatasi nyembamba sana ya chuma: ukiuma taratibu inatakiwa ichomoke kwenye taji huku ikibanwa na meno ya jirani, ukiuma kwa nguvu ndipo ibanwe na taji nalo. Langu lilisagwa kidogo likakaa sawa. Anayesaga meno usiku avae kinga ya plastiki. Mvutaji sigara na mwenye kisukari kisichodhibitiwa wajue kwamba hatari ya kushindwa kwao iko juu, na anayetumia dawa za kuimarisha mifupa aseme mapema.

Kusafisha: brashi ndogo ya kupita katikati ya meno, yenye waya uliofunikwa plastiki, kila usiku, pande zote mbili. Damu ikitoka mara kwa mara, nenda ukapimwe, maana ufizi wa kipandikizi huoza kimyakimya.

Na kadi ya kipandikizi idai siku hiyohiyo: jina la mtengenezaji, aina, kipenyo, urefu, namba ya toleo. Kila mtengenezaji ana skrubu zake na bisibisi yake, na daktari mwingine asipozijua atabaki kubahatisha mdomoni mwako. Yangu nimeipiga picha ikakaa kwenye simu.