Kabla hujalipa kodi ya miezi sita Dar

Ukitafuta chumba Dar es Salaam, hela inatoka kwa mkupuo. Wenye nyumba wengi wanataka miezi sita, wengine mwaka mzima. Wa miezi mitatu wapo, ila utawatafuta kwa tochi. Chukua mfano wa chumba master cha 150,000 kwa mwezi. Miezi sita ni 900,000. Dalali naye anakula kodi ya mwezi mmoja, 150,000 nyingine, na hapo hujalipa kirikuu cha kuhamisha vitu, kitasa kipya wala pazia. Mwenye 900,000 kamili mfukoni bado hajafikisha hela ya kuhamia. Piga hesabu ya miezi saba na nusu ndipo uanze kuzunguka.

Na ukishalipa, umekwisha. Ukilalamika maji hayatoki utaambiwa vumilia, au hama, na hela hairudi. Ndiyo maana ukali wote uutumie kabla ya kulipa.

Dalali si adui. Anajua vyumba ambavyo havijabandikwa popote. Ila yeye anataka biashara iishe leo, na wewe unataka kulala salama mwezi wa nne. Hela ya kuonyeshwa nyumba mkubaliane mkiwa bado stendi, na iwe ya siku nzima badala ya kila mlango mnaopiga hodi. Akikwambia nyumba iko dakika tano kutoka lami, jua hizo ni dakika tano za bodaboda. Waulize wenyewe vijana wa bodaboda pale kijiweni: kufika pale mchana ni shilingi ngapi, saa nne usiku je, na mvua ikinyesha? Wakikujibu kwamba mvua ikinyesha hawaendi, umeshaijua hiyo barabara bila kuikanyaga. Wa picha za mtandaoni anayetaka utume "hela ya kushikia" kabla hujaiona nyumba, achana naye. Picha ileile ya sebule inaweza kushikiwa na watu kumi.

Sasa mafuriko, maana hapa ndipo watu wanapolizwa. Nyumba ukiiangalia Agosti, mchana, jua linawaka, kila bonde ni tambarare. Masika ni Machi hadi Mei, na maeneo yanayopakana na Mto Msimbazi kama Jangwani na Kigogo, au Msasani Bonde la Mpunga, yanajulikana. Lakini kila mtaa una kibonde chake ambacho hakijulikani nje ya mtaa. Inama uangalie ukuta kuanzia sakafuni hadi magotini. Rangi ya chini ikiwa mpya kuliko ya juu, uliza kwa nini. Fremu ya mlango iliyovimba au kuoza chini tu, soketi zilizohamishiwa juu usawa wa kifua, kizingiti cha saruji kilichoinuliwa mlangoni hadi unaruka kuingia: hayo yote maji ndiyo yaliyoyafanya. Chungulia na kwa jirani. Friji likiwa limepandishwa juu ya matofali mawili matatu, hakuna haja ya kuuliza tena. Mama wa genge naye atakwambia maji ya mwaka jana yalifika wapi. Nunua nyanya kwanza.

Kama masika yamekaribia na unaweza kusubiri, tafuta nyumba mvua zikiwa zinanyesha. Utaona pia jambo ambalo hakuna dalali atakayeligusia, nalo ni choo cha jirani kinachotapishwa mvua ikishika kasi na uchafu kupita mlangoni kwako. Uliza shimo la choo liko upande gani, linajaa baada ya muda gani, na gari la kunyonya analipa nani.

Umeme una mambo mengi kuliko watu wanavyodhani. Swali la kwanza ni kama LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, ni yako peke yako au ya nyumba nzima. Wateja wa nyumbani wanaotumia umeme kidogo, hadi uniti 75 kwa mwezi, wana tarifa nafuu ambayo uniti moja pamoja na VAT na tozo ni kama shilingi 122. Wanaovuka hapo wanapangiwa tarifa ya kawaida, ambapo uniti ni kama 356, na ndiyo maana wengi wetu tukinunua umeme wa 10,000 tunapata uniti 28. Nyumba ya vyumba vitano yenye mita moja inavuka 75 bila jasho. Kwa hiyo hata kama una taa mbili na simu ya kuchaji, utalipa kwa bei ya mwenye friji na pasi. Kuchangia kwa kichwa kunamfaa mwenye vifaa vingi na kunamuumiza asiye navyo. Kama kila chumba kina mita ndogo yake, muulize mwenye nyumba anayesoma ni nani, anasoma lini, na uniti mnaigawana kwa bei gani. Wapo wenye nyumba wanaouza uniti moja kwa bei ya juu kuliko waliyonunulia.

Kuna jingine. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU, mnunuzi wa kwanza wa mwezi anapoingiza hela yake. Kwenye mita ya kuchangia, anayewahi kununua tarehe 1 ndiye anayelipia nyumba nzima. Na nyumba iliyokaa tupu miezi kadhaa inajilimbikizia deni linalomsubiri mpangaji mpya. Hilo ni deni la mwenye nyumba, na mnaweza kukubaliana lipunguzwe kwenye kodi yako ya pango, ila liandikwe. Njia rahisi ya kulijua ni kuomba namba ya mita siku ya kukagua na kununua umeme wa shilingi 2,000 papo hapo. Ujumbe utakuonyesha uniti ulizopata na kilichokatwa. Shilingi 2,000 ya kujua hivyo si hela.

Maji: fungua bomba mwenyewe, usionyeshwe simtank kwa nje. Kama ni ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, uliza yanatoka siku zipi na bili inagawanywa vipi. Kama ni ya kisima, chukua kidogo kiganjani uonje, kisha sugua sabuni. Ya chumvi hayatoi povu, yanakula koki, na birika la jirani litakuwa na ukoko mweupe ndani. Pampu inayopandisha maji imeungwa kwenye LUKU ya nani? Swali hili huwa linasahaulika, halafu mpangaji wa chumba cha mbele anajikuta anapandishia maji nyumba nzima. Hakikisha pia simtank linatosha. La lita 1,000 kwa familia tano halimalizi siku mbili maji ya mgao yakikatika.

Chumba chenyewe hakichukui muda. Washa kila swichi, chomeka chaja kwenye kila soketi, mwaga ndoo bafuni uone maji yanaelekea wapi, vuta maji chooni mara mbili. Tazama dari kama ina madoa ya kahawia. Kama hakuna dari kabisa, ni bati tu, kaa humo dakika kumi saa nane mchana kabla hujasema chochote. Dirisha linalotazama ukuta wa jirani kwa nusu mita halileti upepo, hata liwe la aluminiamu na vioo vya rangi.

Kisha rudi peke yako, saa moja usiku, bila dalali. Utasikia spika za baa, na utajua geti linafungwa saa ngapi. Ongea na mpangaji mmoja, umuulize aliyetoka kwenye hicho chumba alihama kwa nini.

Mwenye nyumba umwone kwa macho, na jina lake lithibitishwe na mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa. Kuna wapangaji wanaopangisha wenzao na kutoweka. Nyumba ya urithi inataka umakini zaidi: unamlipa kaka mkubwa leo, wiki ijayo dada yake anakuja na majirani kudai sehemu yake. Uliza msimamizi wa mirathi ni nani na mkataba uandikwe naye. Zunguka pia nyumba kwa nje, uone kama kuna alama ya X nyekundu ukutani, hata iliyopakwa rangi juu. Mara nyingi hiyo ni nyumba iliyo kwenye hifadhi ya barabara, na siku yoyote inaweza kuvunjwa.

Sheria ya kudhibiti pango ilifutwa 2005, hivyo hakuna wa kumpangia mwenye nyumba bei. Kinachokulinda ni karatasi mliyosaini. Iandikwe kodi na muda wake, kwamba haitapanda ndani ya muda huo, notisi ya kuhama kwa pande zote mbili, nani anatengeneza paa, pampu na shimo la choo, na deni la LUKU lililopo. Nakala mbili, mashahidi wawili. Hela ipite benki au kwenye simu ambayo jina linalotokea ni lile la kwenye mkataba. Jina lisipofanana, simamisha malipo hapohapo.

Siku ya kupewa funguo, piga picha mita ikionyesha uniti, kila ufa, kila kioo kilichovunjika, umtumie mwenye nyumba kwa WhatsApp siku hiyohiyo ili tarehe ibaki. Halafu badilisha kitasa kabla kirikuu hakijashusha godoro.